Kopo la Babu, Jina la Kiberiti na Swala wa Saanane

Kila Julai ikikaribia, na Siku ya Mashujaa ya tarehe 25, mfuko wa barua wa safu hii hubadilika. Maswali ya ndoa na ya viwanja yanapungua, wanaanza kuandika watu wenye wazee waliokwenda vitani. Safari hii nimechagua barua tatu. Ya kwanza imenila nafasi kubwa, mtanisamehe. Ilinigusa mahali.

*Shikamoo mama. Nina miaka 26, nauza mitumba Buzuruga. Mwezi wa pili tulimzika babu mzaa baba kijijini kwetu, wilaya ya Magu. Wakati wa kugawa vitu vyake tukakuta kopo la maziwa ya unga darini. Ndani mna medali yenye utepe, karatasi iliyoliwa na panya upande mmoja, na picha ya vijana watatu waliovaa gwanda. Babu hakuwahi kutusimulia chochote. Tulichojua ni kwamba kila tarehe 25 Julai alivaa kaunda suti yake, akakaa chini ya mwembe mpaka jioni, na siku hiyo hakumtuma mtoto hata maji. Baba mdogo anasema medali iuzwe, kuna jamaa mjini ananunua vitu vya zamani, na kwamba mzee alikuwa mgambo tu wala si mwanajeshi. Shangazi anasema kitu hicho kina damu, kitupwe ziwani. Nifanyeje? Na je, mgambo naye ni shujaa?*
*Mjukuu, Buzuruga*

Marahaba mjukuu wangu, na poleni na msiba.

Tuanze na hilo neno "tu". Baba yako mdogo simlaumu, pengine vita vinaanza yeye alikuwa bado anatambaa. Lakini akae chini tuhesabu pamoja. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akayasema yale ambayo hata ninyi mliozaliwa juzi mnayajua kwa moyo, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kesho yake daraja la Kyaka likalipuliwa. Wiki chache baadaye jeshi lile likawa na watu zaidi ya 150,000. Hao wengine walianguka kutoka mbinguni? Walitoka polisi, magereza na JKT, na kama 40,000 hivi walitoka mgambo: wakulima wa pamba, makuli, walimu, mafundi cherehani. Babu yako yumo humo.

Mmoja wao namjua vizuri, maana tumenyonya ziwa moja. Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine Mwatex, kiwanda chetu cha nguo. Mimi nilikuwa na miaka 17, niko sekondari, na shuleni tulikuwa tunachimba mahandaki badala ya kucheza netiboli. Walipoitwa, walifundishwa harakaharaka, wakapakiwa malori. Mayu, yaani mama yetu, alimfungia matobolwa, viazi vitamu vikavu, ndani ya kanga yake mpya, akajifanya anamkaripia kwa kuchelewa ili asilie mbele za watu. Malori yakavuka Busisi kwa pantoni. (Siku hizi mnapita juu ya daraja lile la kilometa 3 mkitazama simu. Sikatai, hata mimi nalifurahia.)

Aliangukia brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo. Tarehe 10 Machi 1979 walikuwa Lukaya, barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, pale inapokata katikati ya kinamasi cha mafunjo. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kufyatua maroketi ya Katyusha. Kaka yangu alikimbia. Naliandika hili kwa idhini yake, alinipa yeye mwenyewe, akasema, "Siku ukiandika, usinifanye simba." Walikimbia wengi, wakajitosa kwenye mafunjo, maji ya kifuani, bunduki kichwani kama mwanamke aliyebeba kuni. Usiku makamanda wakawakusanya. Alfajiri brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka, ikampiga adui ubavuni, na wale wale waliotimka mchana wakarudi mbele. Mimi hapo ndipo ninapouona ushujaa wa mgambo. Askari wa kazi alifunzwa miaka asikimbie. Fundi wa Mwatex alikimbia, akajua sasa kifo kinafananaje, halafu akarudi.

Kampala ilianguka 11 Aprili, na hata hapo hawakusimama, walikwenda mpaka mpakani na Sudan mwanzoni mwa Juni. Kwa miguu, sehemu kubwa. Ukimuuliza kaka vita vilikuwaje alijibu, "Kutembea." Kucha za vidole viwili vya mguu wa kulia hazikuota tena. Na ndizi hakula mpaka anakufa, maana walikula za mashamba yaliyokimbiwa na wenyewe, mbichi, za kuchemsha bila chumvi, wiki baada ya wiki. Harusi ya binti yangu, mumewe Mhaya, kaka alikaa mezani akala wali mkavu na soda. Wakwe wakadhani ana dharau. Ilibidi nimwite mzee wao pembeni nimweleze, na huyo mzee naye akaniambia jambo: Novemba ile wao ndio waliokimbia Kyaka na godoro moja, watu saba. Akarudi mezani, akaondoa sahani ya ndizi mbele ya kaka kwa mkono wake, hakusema neno.

Sasa sikiliza habari ya Kiberiti, ndiyo itakayokusaidia.

Kiberiti alikuwa rafiki wa kaka, wamefanya kazi zamu moja Mwatex, wameitwa siku moja, wamelala handaki moja. Hakutoka kwenye kinamasi cha Lukaya. Kaka alirudi, akaacha kiwanda, akawa mchuuzi wa dagaa Mwaloni Kirumba kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila akilewa kidogo jina lilikuwa hilo: Kiberiti angesema hivi, Kiberiti angecheka. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa yalifanyika Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu wa vita vile. Kaka akaona kwenye televisheni ule mnara mweupe wenye majina. Akaniambia twende. Tukasubiri wiki moja wakubwa waondoke, tukapanda MV Victoria usiku, alfajiri tukashuka Kemondo, tukachukua Hiace. Eneo ni la jeshi, ukifika unajieleza getini, na tulipokelewa vizuri.

Kaka akasimama mbele ya majina. Akatoa miwani. Akasoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kidole kikipita juu ya kila herufi. Nikamwona anasimama, anageuka, ananiangalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mdogo wangu," akasema, "Kiberiti alikuwa anaitwa nani?"

Miaka thelathini na nne amembeba mtu ambaye hajui jina lake. Kiwandani lilikuwa Kiberiti, lorini Kiberiti, handakini Kiberiti. Jiwe lina jina la kwenye karatasi, na aliyelala naye handakini ana jina la utani, na haya mawili hayajawahi kukutana. Tuliweka maua mahali popote tu, tukarudi. Njiani hakuzungumza mpaka Mwanza.

Tulitafuta miaka miwili. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akiuza uji getini Mwatex enzi hizo, sasa ni bibi kizee, haoni vizuri, lakini wateja wake waliomkopa anawakumbuka wote. Akasema, "Kiberiti? Yule wa Ngudu, ana dada yake kaolewa Misungwi." Dada tukampata. Jina tukalipata, na la baba yake, na la mama yake, na sababu ya kuitwa Kiberiti: shuleni aliunguza banda la mwalimu akichoma panya. Jina kamili silichapishi hapa, ni mali ya ndugu zake. Kaka alifariki 2016 kabla hatujarudi Kaboya. Nilikwenda peke yangu 2021, na meli ile ile, sasa wanaiita New Victoria. Nikasoma safu kwa safu. Lipo.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kopo lako. Medali isiuzwe na isitupwe, angalau si mwaka huu. Usiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae. Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, ikae mahali pasipo unyevu, na utepe wake usipigwe jua. Shangazi yako usimcheke. Mtu anayesema kitu kina damu huenda alipokuwa msichana alimsikia baba yake akipiga kelele usiku. Muulize. Na kama familia yenu ni ya misa au ya dua, fanyeni kwanza, moyo wake utulie.

Ile karatasi iliyoliwa na panya ndiyo dhahabu yako kuliko medali. Tafuta namba. Za askari wa jeshi huanza na MT. Inakili kwenye daftari, si kwenye simu tu, simu zinaibiwa kila siku Buzuruga na wewe unajua. Ukiikuta ni ya jeshi, wapo wazee wa MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, watakuonyesha mlango wa kugonga. Kama ni ya mgambo, anza ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya, ipo pale pale kwa mkuu wa wilaya. Nenda na kitambulisho chako na cheti cha kifo cha babu, na nenda asubuhi.

Picha: igeuze. Zamani studio zilipiga mhuri nyuma, na vijana waliandika. Kisha itembeze kwa marika wa babu kijijini. Ukimpata aliyekwenda naye, usimuulize "ulipigana vipi", atakufungia mlango usoni. Muulize walikula nini. Muulize nani alikuwa anakoroma. Muulize majina ya utani, halafu, kabla hujaaga, muulize kila jina la utani ni mtoto wa nani, wa wapi. Nilichelewa kulijua hili, wewe una nafasi. Hao wazee sasa wengi wamepita miaka sabini.

Mwisho, umenitajia baba mdogo, shangazi, hata jamaa wa mjini anayenunua. Bibi yako hukumtaja. Yupo? Kama yupo, mnagawana vitu vya mtu ambaye mkewe hamjamuuliza. Yeye ndiye aliyelima pamba peke yake msimu ule akisikiliza redio ya jirani. Kopo mrudishieni.

*Kwako mwandishi. Mimi ni mstaafu, niko Musoma. Baba yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alikwenda Burma akarudi. Kaka yake alikwenda naye, hakurudi, na hatuna kaburi. Kila Siku ya Mashujaa nasikia Kagera, Kagera. Hawa wa Mwingereza hawahesabiwi? Au kwa kuwa walipigania mkoloni, tuwasahau?*

Mzee mwenzangu, pole. Uchungu wako nauelewa, lakini nadhani umeugawa vibaya. Tazama wanachoweka mnarani siku ile: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Hakuna aliyekwenda Lukaya na sime. Zile ni za wa zamani, za Mkwawa na wa Maji Maji, na kwenye mstari huo huo mimi namweka na baba yako.

Halafu mtazame jirani yako wa Butiama, Jenerali David Musuguri. Aliingia keya mwaka 1942, akafika Madagaska na jeshi la Mwingereza. Mwaka 1979 ndiye aliyekuwa akiongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala, baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Alifariki hapa Mwanza Oktoba 2024, ana miaka 104. Kwake yeye keya na JWTZ vilikuwa maisha ya mtu mmoja, havikatiki kwa kisu.

Kuhusu baba yako mkubwa. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana waliandikwa kwenye nguzo za mnara ulioko Taukkyan, nje ya jiji la Yangon. Majina yanakaribia 27,000, na wa Afrika Mashariki wamo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unatafuta kwa jina, bure. Mwombe mjukuu akae nawe na simu. Jaribuni kila tahajia, maana karani wa Kizungu aliyesikia jina la Kijita au la Kikurya aliandika alichoweza. Jaribuni jina la baba peke yake, jaribuni la ubatizo.

Hao wa 1939 hadi 1945 angalau waliandikwa. Wa vita vya kwanza ndio wanaoniuma. Mwingereza aliingia Mwanza Julai 1916, na nyuma ya kila bunduki ilikuwepo foleni ya wapagazi wenye mizigo kichwani. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana nao, kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waliokuwa na mamlaka waliona sanamu moja yatosha watu wote. Ndiyo maana pale katikati ya Dar es Salaam kuna Askari wa shaba, amesimama tangu 1927 na bunduki yake, na hana jina.

Baba yako mkubwa analo. Litafute.

*Shikamoo bibi. Niko darasa la sita, Mkolani. Mwalimu alisema Mwanza ilipigwa bomu na ndege likaua swala. Rafiki yangu anasema mwalimu anatunga. Nani mkweli?*

Marahaba mwanangu. Mwalimu ni mkweli, mwambie rafiki yako akuletee karanga.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 1979. Ndege ya Libya, kubwa, ya kurusha mabomu, ilitumwa ije ilipue matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosea. Mabomu yakaanguka kisiwani Saanane, ambako wakati ule kulikuwa na bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, iliyofunguliwa 1964. Mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Swala kadhaa wakafa. Matangi hayakuguswa.

Sisi tulikuwa tunakaa Igogo, ng'ambo tu ya maji. Niliusikia mshindo nikiwa naosha vyombo, sufuria zikagongana zenyewe. Nikapiga kelele. Mayu, ambaye mtoto wake wa kwanza alikuwa Uganda na hajaandika barua wiki sita, aliinua kichwa, akasikiliza, akasema, "Ni wapasua mawe hao." Mwanza hii, mwanangu, baruti ya mawe tumeizoea. Akaendelea kugeuza dagaa kikaangoni. Lakini niliona mwiko umeshikwa kinyume.

Saanane sasa ni hifadhi ya taifa, boti inatokea Capri Point, ni dakika chache tu. Swala wapo.